GPS ya kubandika kiooni imegoma baada ya kuihamishia ndani ya dashibodi: dalili, chanzo na pa kuanzia

Watu wengi wanaonipigia simu juu ya jambo hili huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, ilikuwa nzima kabisa." Na kweli ilikuwa nzima. Ilikaa miaka kwenye kioo cha mbele kwa kile kikombe cha mpira, waya unaning'inia hadi kwenye laita, mpaka mwenyewe akachoka nao, au usiku mmoja akavunjiwa kioo na mtu aliyeiona ikimeremeta. Akakata plastiki ya dashibodi, akaiingiza ndani, akapiga msasa na rangi, ikapendeza kama ya kiwandani. Wiki ya pili, haiwaki. Au inawaka lakini inatafuta setilaiti kutoka Nyegezi hadi Igoma, hapa Mwanza, bila kuzipata.

Mara nyingi kifaa hakijafa. Ulipokificha ulikibadilishia vitu vitatu: umeme kinaokula, anga kinaloliona na hewa inayokipoza. Kwa hiyo kabla ya kununua kingine, kitoe, kaa nacho uwanjani nje ya gari, kiwashe kwa chaja yake ya asili na ukiache dakika kumi na tano. Kikifanya kazi, kosa liko kwenye ulivyofunga. Kikigoma hata hapo, hakuna waya wa gari utakaokiponya.

Utahitaji multimita ya namba (ile tesita ya taa haitoshi), fyuzi za ampea 1 na 2, bisibisi na tochi.

Kabla ya kufungua paneli

Nyaya zenye konekta za njano ni za eabegi. Usizipime kwa tesita, usizichomoe kwa udadisi, usichukue umeme hapo. Ukilazimika kufungua paneli iliyo karibu nazo, toa kwanza terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo huo hubaki na umeme wake hata betri ikishatolewa. Wala usifunge kifaa juu ya kifuniko cha eabegi ya abiria, hata kama ndipo panapopendeza kuliko kote.

*Simama, mwite fundi:* taa ya SRS (ile ya eabegi) ikibaki inawaka baada ya kurudisha betri, au gari ni haibridi na umekutana na nyaya za rangi ya machungwa. Hizo za machungwa hubeba volti za kuua mtu.

"Haiwaki kabisa"

Anza na fyuzi. Ya laita au ya redio, kutegemea umeme uliuchukua wapi. Ichomoe, itazame kwenye mwanga, kisha ipime, maana nyingine hukatika mahali ambapo jicho halioni. Rudisha ya ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kifuniko. Ikiungua papo hapo, usitafute ya tatu na usizungushie karatasi ya pakiti ya sigara. Kuna waya unaogusa bodi ya gari mahali fulani, na ukiweka karatasi ile, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe.

Fyuzi ikiwa nzima, weka swichi kwenye ACC (hatua ya ufunguo inayowasha redio bila injini), multimita kwenye volti 20 za DC, upime panapoingia umeme kwenye konvata, kile kiboksi kinachoshusha volti 12 kuwa 5. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma kati ya 12.4 na 12.7, ikiunguruma, 13.8 hadi 14.4. Ukipata sifuri, hamisha ncha nyeusi ya multimita kutoka kwenye ethi yako (waya hasi uliofungwa kwenye chuma cha gari) uiweke kwenye terminali hasi ya betri. Namba ikirudi, waya wa moto hauna kosa. Ethi ndiyo mbovu.

Ethi ina hadithi yake hapa kwetu. Nililetewa Probox inayobeba samaki kutoka Mwaloni, Kirumba. GPS inawaka asubuhi, mchana inakufa. Mwenye gari alikwishaamua: "Ni chumvi ya ziwa, fundi." Nikamwambia ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya kula chuma. Tukainua kapeti upande wa abiria. Barafu ya kwenye maboksi ya nyuma ilikuwa ikiyeyuka safari hadi safari, maji yake na ute wa samaki yanatambaa chini ya kapeti mpaka mbele, na bolti ambayo ethi ilifungiwa ilikuwa imevaa kutu laini kama ugoro. Tulikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukaweka kichwa cha waya kipya, tukapaka grisi juu na kuhamishia ethi nyuma ya redio, mahali pakavu. Harufu ndiyo tuliyoshindwa.

Baada ya ethi, kagua viungo. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu nyeusi hauwezi jua la dashibodi: gundi huyeyuka, selotepu huteleza kama ganda la ndizi, na shaba hubaki wazi ikingoja kugusa kile chuma kinachoshika usukani. Lehemu kwa risasi, kisha vesha kimrija kinachosinyaa kwa moto. Au tumia vichwa vya kubana kwa plaizi yake.

Mwisho, konvata yenyewe. Pima inakotokea volti 5. Kama inaingia 12 na hakitoki kitu, imekufa, na kwa kawaida imekufa kwa sababu mbili: moto na ethi vilipishana, au ni ya volti 12 peke yake na imefungwa kwenye lori la volti 24. Ukiwa umevunja chaja ya laita ili kutumia ubongo wake wa ndani, kumbuka ncha ya katikati ndiyo chanya, vile vibati vya pembeni ni hasi.

*Simama:* ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au waya una joto ukiushika. Toa terminali ya betri kwanza, maswali baadaye.

"Inawaka, lakini inaonyesha picha ya kompyuta na haiondoki hapo"

Hili huwachanganya watu kuliko yote, ilhali ni waya tu. Garmin nüvi nyingi za mini-USB zikipewa waya wa kawaida wa data hudhani zimechomekwa kwenye kompyuta, zinasimamisha ramani. Waya wa chaja ya gari una resista ndani ya kichwa chake, kwenye pini ya nne, inayokiambia kifaa kwamba huu ni umeme tu. Waliokata waya wa asili na kuunga wa simu wameikata na resista hiyo. Rudisha kichwa cha asili, au nunua waya wa umeme wa modeli hiyohiyo. Hakuna sababu ya kufungua kifaa.

"Inajizima nikipiga stata", au inazimika njiani

Ikizimika tu wakati wa stata kisha ikarudi, gari halina kosa. Ukipiga stata, umeme wa ACC hukatwa kwa muda ili nguvu yote iende kwenye mota. Kifaa kilitakiwa kujishikilia kwa betri yake ya ndani. Kikishindwa, betri hiyo imechoka. Badilisha betri.

Ikizimika kwenye matuta na barabara za mawe za kupanda vilimani, shuku kwanza kichwa cha waya kilicholegea. Ukiwa umekibana kifaa ndani ya fremu, waya hupinda na kuisukuma soketi upande mmoja kila gari linaporuka, mpaka miguu ya soketi inaachia bodi ya ndani ya kifaa. Weka kichwa cha pembe mraba, na ufunge waya kwenye fremu ili mtikisiko usiishie kwenye soketi. Kama imeshaachia, usimpe fundi waya wa magari. Mpe fundi simu mwenye hita ya hewa ya moto; kazi ya aina hiyo anaifanya kila siku.

Sababu ya tatu ni waya mwembamba mrefu. Pima volti 5 ukiwa umewasha kifaa na mwanga wa skrini umepandishwa mpaka juu. Chini ya 4.7, sogeza konvata karibu na kifaa, waya mrefu uwe upande wa volti 12.

"Asubuhi gari haliwaki"

Umeunga kwenye waya wenye moto muda wote. Kwenye Toyota nyingi, nyuma ya redio waya wa kijivu ndio wa ACC, wa bluu wenye mstari wa njano una moto hata ufunguo ukiwa mfukoni, na wa kahawia ni ethi. Lakini hizi gari zimepita mikono mingi, redio zimebadilishwa mara tatu, rangi zimeungwa ovyo. Pima kabla ya kuamini rangi.

Fanya hesabu: kifaa kinachochaji kwa ampea 0.5 upande wa volti 12 humaliza nusu ya betri ya ampea-saa 45 kwa saa 45. Ukiegesha gari bandarini Ijumaa jioni, ukapanda meli kwenda Nansio, ukirudi Jumatatu utaomba watu wa kusukuma.

Kuthibitisha: zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, kisha weka multimita kwenye ampea 10 kati ya terminali hasi na waya wake. Usiwashe gari ikiwa hapo, utaiunguza. Gari lililolala linapaswa kula chini ya ampea 0.05. Namba ikiwa kubwa, chomoa fyuzi ya GPS. Ikishuka, umempata. Hamishia kwenye ACC, na uweke fyuzi yake ya ampea 1 au 2 karibu na pale ulipochukua umeme. Ukiiweka huko mwisho karibu na kifaa, waya wote ulio kabla yake unabaki bila ulinzi.

*Simama:* ukichomoa fyuzi ya GPS na namba isishuke, tatizo si lako la dashibodi. Hapo ni kazi ya fundi umeme mwenye subira.

"Inatafuta setilaiti tu"

Kwanza subira. Kifaa kilichozimwa miezi, au kilichotoka Ulaya kwenye begi la shemeji, kinaamini bado kiko huko. Kikitakiwa kujijulisha upya na ratiba ya setilaiti zote, ujumbe wenyewe huchukua dakika 12 na nusu kushuka. Simamisha gari mahali pa wazi, si chini ya mwembe wala paa la bati, ukiache dakika 20. Kukizimisha na kukiwasha kila baada ya dakika tatu ni kukirudisha mwanzo kila mara.

Ikishindikana, tazama kilicho juu yake. Setilaiti ziko kama kilomita 20,200 juu yetu na ishara inafika ikiwa dhaifu mno. Plastiki ya dashibodi inaipitisha vizuri, fiberi pia, chuma hakipitishi. Watu hukata dashibodi pale penye nafasi, yaani chini, kwenye kiota cha redio, na juu yake kuna bati la kushikilia redio, mkono wa chuma, bomba la kiyoyozi lililofungwa karatasi ya fedha. Wamekifukia. Nyooshea kidole angani kutoka kwenye kifaa: kila chuma unachopita ni ukuta.

Kisha tinti. Tinti yenye madini ndani, na baadhi ya vioo vya mbele vinavyorudisha joto la jua, huzuia ishara kama chuma kingine chochote. Jaribio ni rahisi: toa kifaa, kishike nje ya dirisha. Kikipata setilaiti ndani ya dakika moja na kuzipoteza ukikirudisha ndani, umepata jibu.

Dawa ya yote mawili ni antena ya nje, kama kifaa kina tundu lake (vidude vidogo vya duara nyuma, mara nyingi chini ya kizibo cha mpira). Ilaze chini ya plastiki ya juu kabisa ya dashibodi, karibu na kioo, upande wenye maandishi ukitazama mbinguni. Waya wake usiuzungushe roda karibu na konvata. Kama hakina tundu, sema ukweli kwa mwenye gari: kifaa hiki hakifai kufungwa chini, kipandishwe.

Sababu inayosahaulika ni konvata ya bei rahisi. Baadhi hutoa kelele za umeme zinazofunika ishara kabisa. Chomoa umeme, kiache kwenye betri yake ya ndani. Mistari ya setilaiti ikipanda, tupa konvata. Fanya hivyohivyo na kamera ya kwenye kioo kama unayo. Nimewahi kuhangaika siku nzima na GPS, mkosaji akawa kamera.

Kifaa kinahitaji setilaiti nne kukupa mahali na mwinuko. Kipimo chetu cha bure ni ufuko wenyewe: uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya bahari. Ukiwa Kamanga kando ya maji na kifaa kinasema mita 300, hakina setilaiti za kutosha hata kama kinakuonyesha kishale.

"Kishale kinaenda ziwani"

Hapa wengi hubomoa dashibodi bila sababu. Fungua ukurasa wa namba za mahali. Katikati ya Mwanza uko karibu na nyuzi 2 dakika 31 Kusini, 32 dakika 54 Mashariki. Linganisha na simu yako, ukizingatia kwamba zote mbili zinaandika kwa mtindo mmoja. Namba zikikubaliana, GPS ni nzima, ramani ndiyo imezeeka. Zikitofautiana kwa takriban mita 300 kila mara na upande uleule, tazama kwenye mipangilio kama mtu aliweka Arc 1960, kipimo cha ramani za zamani za Afrika Mashariki. Rudisha WGS 84, kipimo cha GPS yenyewe.

Mfano ulio wazi ni Kigongo–Busisi. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, urefu wake kama kilomita 3 juu ya maji. Ramani ya kabla ya hapo haijui daraja, inajua kivuko. Kwa hiyo unaendesha juu ya lami safi kuelekea Sengerema huku kishale kikiogelea, na sauti inakuambia upande kivuko. Mbaya zaidi ni kama umechagua "epuka vivuko": ukitoka mjini kwenda Geita, badala ya kukukunjisha kulia pale Usagara, itataka kukuzungusha upande wa Shinyanga. Nimempokea dereva aliyefika Misungwi akijiuliza mbona bango la Geita halionekani.

Dawa ni ramani mpya. Zile za OpenStreetMap zilizotengenezwa kwa ajili ya Garmin huja kama faili la gmapsupp.img, unaliweka kwenye folda ya Garmin ndani ya kadi ya kumbukumbu iliyofomatiwa FAT32. Kadi ya GB 32 au chini yake inatosha. Kubwa zaidi vifaa vya zamani huikataa. Kisha zima ramani ya zamani kwenye mipangilio, la sivyo zitapandana. Na kabla hujafunga fremu ya dashibodi kabisa, hakikisha tundu la kadi linafikika. Nimeona kazi nzuri ya fiberi ikikatwa kwa msumeno kwa sababu hiyo tu.

Kama ni navi ya Kijapani iliyokuja na gari, yenye ramani ya Japani peke yake, usipoteze hela kwa anayekuahidi "kuiflashi". Mara nyingi kishale hubaki kwenye skrini tupu.

"Tarehe na saa ni za ajabu"

Tarehe ikirudi nyuma karibu miaka 20, ni hesabu ya wiki: GPS huhesabu wiki 1024 kisha huanza sifuri, na ilianza upya usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Vifaa ambavyo havikusasishwa programu vilipotea hapo. Mahali huwa bado panasomeka. Tafuta sasisho la mtengenezaji. Kama halipo, ishi nayo.

Saa ikipungua tatu, kifaa kiko kwenye saa za dunia, weka UTC+3. Cha kuchekesha ni zile za Japani. Wao wako mbele yetu saa sita, kwa hiyo asubuhi ya saa mbili Mwanza skrini inasoma 2:00, na mwenye gari anaapa kwamba saa yake imerekebishwa kwa Kiswahili.

Redio inakoroma, skrini inajibonyeza

Mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, hasa kama umeunga sauti ya GPS kwenye AUX, hutokana na ethi mbili tofauti. Peleka ethi ya GPS na ya redio kwenye bolti moja. Mvumo usiobadilika kwenye FM ni konvata tena.

Skrini inayojibonyeza yenyewe kwenye kona huwa imebanwa na fremu. Skrini nyingi za vifaa hivi huhisi mgandamizo, si kidole, kwa hiyo fremu ikigusa ukingo ni kama mtu anaibonyeza mchana kutwa. Acha nafasi ya milimita moja kuzunguka, jaza sponji laini.

"Inazima saa nane mchana"

Joto. Gari lililoegeshwa juani vioo vimefungwa, dashibodi huwa ya kukaangia, na betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi joto 45. Kifaa kinajikinga: kinaacha kuchaji, kisha kinajizima. Fungua matundu nyuma na juu ya kiota ili hewa ipite, usikizungushie sponji nyuma, na konvata ikae mbali nacho. Modeli nyingine zinakubali kufanya kazi bila betri ya ndani. Jaribu, na ikikubali, itoe kabisa.

*Simama, na hapa sitanii:* kama skrini imeanza kuinuka kutoka kwenye fremu, au mgongo wa kifaa umevimba, betri imejaa gesi. Usikibonyeze kirudi, usikitoboe, usikichaji hata mara moja zaidi. Kata umeme, kitoe bila kukipinda, kiweke nje ya nyumba juu ya zege au ndani ya sufuria yenye mchanga, na umpelekee fundi simu siku hiyohiyo akiwa anajua anachopokea.